Kaunti Iliyouza Ukaribu: Kisa cha Kasino za Tunica

Ukitoka Memphis, jimbo la Tennessee, ukashika barabara kuu namba 61 kuelekea kusini, muda si mrefu unavuka mpaka na kuingia jimbo la Mississippi. Kaunti ya kwanza unayoipita ni DeSoto. Ina maduka, shule na mitaa ya watu wenye kipato cha kati, ila kasino haina hata moja. Unasonga mbele. Nyumba zinapungua, ardhi inalala bapa kama sakafu, pande zote ni mashamba ya pamba, soya na mpunga, na upande wa magharibi kuna tuta refu la udongo linalouzuia Mto Mississippi usimwage maji yake mashambani. Kisha, mahali ambapo ungetarajia kuona ghala la pamba, linachomoza jengo la hoteli lenye ghorofa 31. Umefika Tunica.

Kaunti hii haijawahi kuwa na watu wengi. Sensa ya 1990 ilihesabu wakazi 8,164. Hata hivyo, kwa zaidi ya muongo mmoja ilitajwa sambamba na Las Vegas na Atlantic City kila watu walipozungumzia vituo vikubwa vya kamari Marekani. Leo haitajwi hivyo tena. Kilichoipandisha na kilichoishusha ni kitu kimoja, nacho ni umbali. Tunica ilikuwa inauza ukaribu na Memphis; mashine, karata na vyumba vya hoteli vilikuwa vifungashio vya bidhaa hiyo. Linaloniuma katika kisa hiki ni kwamba viongozi wa Tunica walionyeshwa jambo hilo mapema, ndani ya miaka mitatu ya mwanzo, wakati fedha za kujiandaa zikiingia kila mwezi.

Kabla ya kasino

Delta ya Mississippi, ukanda wa mtoni ambamo Tunica imo, ni nchi ya mashamba makubwa. Wenye ardhi walikuwa wachache, karibu wote Wazungu. Waliolima walikuwa Weusi, wajukuu wa watumwa na watoto wa wakulima waliogawana mazao na mwenye shamba kisha wakabaki na deni dukani kwake. Mashine za kuvuna pamba zilipoenea baada ya Vita Kuu ya Pili, mikono ile haikuhitajika tena. Wengi walihamia Memphis, St. Louis na Chicago. Waliobaki walikuwa na kazi za msimu na msaada wa serikali, basi.

Katika mji mdogo wa Tunica, nyuma ya mstari wa nyumba za mbao, ulipita mtaro wa wazi uitwao Sugar Ditch. Nyumba zile hazikuwa na choo cha ndani wala mabomba, kwa hiyo ndoo za uchafu zilimwagwa mtaroni, na mvua ikinyesha sana mtaro uliurudisha uchafu huo mlangoni. Mwaka 1985 mchungaji Jesse Jackson alikwenda kuuona, akapaita mahali pale Ethiopia ya Marekani, akiifananisha na nchi iliyokuwa katika njaa kubwa wakati huo. Vyombo vya habari vya taifa vikafuata, nchi ikaona aibu kwa wiki kadhaa, na wakazi wa mtaroni wakahamishwa. Umaskini wenyewe haukuhama. Takwimu za 1990 zilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wakazi wa kaunti walikuwa chini ya mstari wa umaskini.

Naanza na mtaro huu kwa sababu wapo wanaokisoma kisa cha Tunica kama hadithi ya watu waliouza heshima yao kwa kamari. Anayesema hivyo ana wajibu wa kutaja kazi nyingine iliyokuwa inabisha hodi mwaka 1991. Hakukuwa na kiwanda kilichokuwa njiani. Mwanzoni mwa 1992, kwa takwimu za ajira, takriban mtu mmoja kati ya wanne waliotaka kazi hakuwa nayo. Siilaumu kaunti kwa kuzipokea kasino. Lawama yangu iko mbele kidogo.

Sheria iliyofungua mlango

Bunge la Mississippi lilipitisha sheria ya kasino mwaka 1990. Majimbo ya juu ya mto yalikuwa yameanza kuota ndoto ileile: boti za kamari zilizopambwa kama za karne ya 19, zenye magurudumu ya maji na bendi ya muziki. Iowa ilizindua boti zake Aprili 1991, lakini kwa woga mwingi. Dau moja halikuruhusiwa kuzidi dola 5, na mtu hakuruhusiwa kupoteza zaidi ya dola 200 katika safari moja. Illinois ilifuata mwaka huohuo, ikataka boti ing'oe nanga kweli, na ikaweka kikomo cha leseni 10 kwa jimbo zima.

Mississippi iliondoa karibu vizuizi vyote hivyo. Chombo hakikutakiwa kusafiri, kingeweza kufungwa gatini milele. Dau halikuwa na ukomo. Idadi ya leseni haikuwa na kikomo, yaani yeyote aliyetimiza masharti ya tume ya kamari na kuwa na mtaji angeweza kujenga, na soko lenyewe ndilo lingeamua nani abaki. Kodi ilikuwa ndogo: asilimia 8 ya mapato ghafi kwa jimbo katika daraja la juu, na hadi asilimia 4 kwa serikali za mitaa, jumla kama asilimia 12. Kwa mwenye mtaji, hesabu ile ilikuwa tamu. Angeweza kurudisha fedha za ujenzi katika muda ambao kwingine usingetosha hata kupata kibali.

Kilichobaki katika ile picha ya boti ni sharti moja tu, kwamba kasino iwe juu ya maji, katika kaunti zinazopakana na Mto Mississippi au pwani ya Ghuba ya Meksiko. Jimbo hili ni la wacha Mungu, makanisa yana nguvu, na sharti la maji liliwapa wabunge neno la kuwaambia waumini: kamari haitaingia mitaani kwenu, itakaa mtoni. Tena wananchi wa kila kaunti walipewa nafasi ya kupinga kwa kura.

DeSoto walipiga kura, wakakataa. Kura hiyo ndiyo iliyoifanya Tunica. Kaunti iliyo jirani kabisa na Memphis ilipojiondoa, iliyofuata kusini ikawa ya karibu kuliko zote. Tennessee yenyewe haikuwa tishio, kwani katiba yake ilizuia hata bahati nasibu hadi wapiga kura walipoirekebisha mwaka 2002. Arkansas, ng'ambo ya mto, ilikuwa na mbio za mbwa katika uwanja wa Southland, West Memphis, lakini mashine za kamari hazikuruhusiwa. Kwa hiyo mji wenye eneo la watu wapatao milioni moja ulizungukwa na makatazo kila upande, isipokuwa upande wa mashamba ya pamba.

Meli ndani ya shamba

Kasino ya kwanza ya Tunica iliitwa Splash. Ilifunguliwa Oktoba 1992 katika gati la zamani liitwalo Mhoon Landing, magharibi ya mji wa Tunica. Ilikuwa ndogo na ya haraka-haraka, lakini watu walipanga foleni kwa saa nyingi, na mlangoni walitozwa dola 10 kabla hawajagusa hata mashine moja. Hebu fikiria biashara ambayo mteja analipa kuingia ili apate nafasi ya kupoteza. Wenye mitaji wa Nevada na New Jersey walipozisikia habari za foleni ile, hawakuhitaji mshauri.

Namna kasino zilizofuata zilivyojengwa inastahili kuangaliwa kwa karibu. Mto Mississippi una mkondo mkali na hupanda na kushuka kwa mita nyingi kati ya msimu na msimu, kwa hiyo kuegesha jengo la mamilioni ya dola katikati yake ni kulitia hatarini. Wajenzi walichimba dimbwi kubwa kando ya mto, wakachimba mfereji wa kuliunganisha na mto, wakaleta matishari ya chuma na kuyaingiza ndani ya dimbwi. Juu ya matishari hayo wakajenga kuta, dari, taa na ukumbi mzima wa kamari, na pembeni, kwenye nchi kavu, wakasimamisha hoteli, migahawa na maegesho. Sheria iliangalia mashine na meza za kamari tu. Kitanda na sahani ya chakula vingeweza kukaa popote.

Mgeni aliyetoka chumbani mwake kwenda kucheza alivuka kutoka ardhini kwenda majini bila kujua. Zulia lilikuwa lilelile, na hakukuwa na dirisha la kumwonyesha mto. Mfano huu unaieleza sheria nzima kwa picha moja: maji yapo, yamepimwa na kukaguliwa, na hayana kazi yoyote isipokuwa kutimiza andiko. Baada ya kimbunga Katrina kusukuma matishari ya kasino za pwani hadi barabarani mwezi Agosti 2005, jimbo liliruhusu kasino za pwani zihamie nchi kavu, mradi zisivuke futi 800 kutoka ufukweni. Mbingu hazikuanguka.

Fedha zilikuja kwa kasi ambayo hata wenyeji hawakuiamini. Hadi katikati ya muongo kulikuwa na kasino zipatazo tisa. Jack Binion, mtoto wa familia maarufu ya kamari ya Las Vegas, alifungua Horseshoe mwaka 1995, na baadaye mashindano makubwa ya poka yakaanza kufanyika hapo. Grand Casino ikafunguliwa 1996, ikiwa na ukumbi ambao watangazaji wake waliuita mkubwa kuliko wote kati ya Las Vegas na Atlantic City. Barabara namba 61, iliyokuwa ya njia mbili, ikapanuliwa kuwa ya njia nne. Ukosefu wa ajira ulishuka hadi chini ya asilimia 5. Katika kilele chake, tasnia hii iliajiri watu wapatao 13,000, wengi kuliko wakazi wote wa kaunti, vichanga na wazee wakiwemo.

Onyo la Mhoon Landing

Sasa nafika pale ninapoona kisa hiki kinajieleza chenyewe.

Splash ilifuatwa Mhoon Landing na nyingine, zikiwemo Lady Luck na Bally's. Zilikuwa zinajaza watu. Kisha makampuni mengine yakatazama ramani na kuona kwamba ndani ya kaunti hiyohiyo, upande wa kaskazini karibu na Robinsonville, kuna sehemu nyingine ambapo mto unafikika, maili kumi na kadhaa karibu zaidi na Memphis. Wakanunua mashamba huko, wakachimba madimbwi, wakafungua.

Dereva anayetoka Memphis jioni akiwa na dola mia mfukoni hana sababu ya kuipita kasino mpya na kubwa ili aifuate ya zamani na ndogo iliyo mbali zaidi. Hakuipita. Mhoon Landing ilikauka ndani ya miezi. Lady Luck iliondoka 1994 ikaenda kaunti ya Coahoma, kusini zaidi, kutafuta wateja wa upande wa Arkansas. Bally's nayo iling'oa nanga, ikahamia kaskazini mwaka 1995. Hapa ile picha ya boti ikawa kweli kwa mara moja: kasino zilifunguliwa kamba na kuhama. Splash, iliyoanzisha yote, ikafungwa mwaka huohuo. Kutoka foleni ya dola 10 mlangoni hadi kufuli, haikupita hata miaka mitatu.

Ili kuona kwa nini maili chache ziue biashara, tuangalie hesabu ya mashine. Tuseme mashine ya sloti inabakiza wastani wa dola 7 katika kila dola 100 zinazopita ndani yake. Mtu akibonyeza mara 500 kwa saa, dola moja kila mara, amezungusha dola 500, na kwa wastani amepoteza 35. Mchezaji huyu hahesabu hivyo; yeye anahesabu jioni yake. Ana saa nne kuanzia atoke kazini hadi arudi nyumbani. Barabara ikila saa mbili, kasino inabaki na saa mbili za mashine, kama dola 70. Barabara ikila saa moja, kasino inapata tatu, zaidi ya dola 100. Halafu kuna jambo kubwa kuliko hilo, nalo ni idadi ya safari. Mahali pa saa moja kwenda huendwa mara moja kwa mwezi. Mahali pa dakika 20 huendwa Jumanne, bila kupanga.

Las Vegas ni kitu kingine. Watu hupanda ndege na kukaa siku tatu, wakatazama maonyesho, wakaoana. Safari yenyewe ndiyo wanayoinunua. Kasino ya kikanda haina wateja wa namna hiyo kwa wingi. Inaishi kwa watu walewale wanaorudi na kurudi kwa gari, na kila kasino mpya inayofunguliwa kati yao na wewe inakukata mguu. Mhoon Landing ilikatwa na ndugu zake wa Robinsonville, kodi zikabaki ndani ya kaunti, kwa hiyo hakuna aliyeomboleza. Lakini kanuni ilikuwa imeshaandikwa ukutani: siku mtu atakapofungua karibu zaidi na Memphis, nje ya mipaka ya Tunica, kaunti nzima itakuwa Mhoon Landing.

Naamini kila mjumbe wa halmashauri ya kaunti aliyepita pale 1996 na kuona gati tupu alipaswa kurudi ofisini na swali moja: hizi fedha zitakoma lini, na tutakuwa tumebaki na nini?

Fedha zilikokwenda

Katika miongo miwili ya mwanzo, kodi za kamari zilizoingia Tunica zilipita dola milioni 700. Kwa kaunti yenye watu wasiozidi 11,000, hizo ni fedha ambazo vizazi vilivyolima pamba pale havikuwahi hata kuziota.

Mengi yalijengwa, na si haki kusema zilipotea hewani. Barabara zilitengenezwa, mifumo ya maji taka ikawekwa, zimamoto na polisi wakapata vifaa. Kilijengwa kituo cha michezo chenye bwawa la kuogelea la ndani. Ukajengwa ukumbi mkubwa wa maonyesho, uwanja wa ndege ukapanuliwa ili kupokea ndege za kukodi zenye wacheza kamari, na kando ya mto ikasimama makumbusho nzuri iliyofunguliwa 2004. Kodi ya ardhi na majengo ilishushwa sana.

Tazama orodha hiyo kwa macho ya mwanamke aliyekuwa akiishi kando ya mtaro wa Sugar Ditch. Kodi ya ardhi ikishuka, anayefaidi zaidi ni mwenye ardhi nyingi, na huyo alikuwa na mali kabla kasino hazijaja. Uwanja wa ndege ni wa mgeni. Ukumbi wa maonyesho ni wa mgeni. Sehemu iliyokwenda moja kwa moja kwa mafunzo ya kazi, ukarabati wa nyumba mbovu na msaada kwa kaya maskini ilikuwa ndogo mno. Jimbo lililazimika kuzichukua shule za umma za kaunti chini ya usimamizi wake mwaka 1997, miaka mitano baada ya foleni ya Splash, na likazichukua tena 2015.

Nyumba ni sura nyingine, na kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Ajira 13,000 zilihitaji watu wa kuishi karibu. Kama wangejenga Tunica, wangenunua Tunica, wangesomesha watoto Tunica, na mji ungepata maduka, mabenki na zahanati zisizotegemea mashine. Lakini ardhi ilikuwa mikononi mwa wachache, na shamba lililoko kati ya mto na barabara kuu lilikuwa na bei ya kasino, bei ambayo mjenzi wa nyumba za wafanyakazi hawezi kuilipa. Sehemu kubwa ya wagawa karata, wahudumu na mafundi wa mashine waliishi DeSoto na Memphis, wakasafiri kila zamu. Mshahara ulitengenezwa Tunica na kutumiwa kwingine. Sensa ya 2000 ilipata watu 9,227, ile ya 2010 watu 10,778, na ya 2020 ikarudi chini ya 10,000. DeSoto, iliyokataa kasino kwa kura, ikawa miongoni mwa kaunti zilizokua haraka katika jimbo. Ilipata wakazi, jirani yake alipata wageni.

Ng'ambo ya mto

Pigo lilitoka Arkansas. Mwaka 2005 jimbo hilo lilipitisha sheria ya kuruhusu mashine zilizoitwa michezo ya kielektroniki ya ustadi katika viwanja viwili vya mbio, wapiga kura wa West Memphis wakaikubali, na mwaka uliofuata Southland ikaanza kuzitumia. Neno ustadi lilifanya kazi ileile iliyofanywa na maji kule Mississippi: liliridhisha andiko. West Memphis iko ng'ambo ya daraja. Mtu wa katikati ya Memphis anafika kabla wimbo wa tatu redioni haujaisha.

Mapato ya Tunica yalifika kileleni karibu na wakati huohuo, yakaanza kuteremka. Mwaka 2008 uchumi wa Marekani ukaanguka, na mwenye deni la nyumba akapunguza kwanza safari za mashine. Mei 2011 mto ukapanda hadi kiwango kilichokaribia rekodi ya 1937, na kasino zote za kaunti zikafungwa kwa wiki kadhaa. Kumbi ziliweza kuelea, lakini barabara na hoteli haziwezi. Wateja waliozoea Tunica walitumia wiki zile kuizoea Southland.

Juni 2014 Harrah's, ile iliyojengwa kama Grand Casino, ikafungwa. Watu wapatao 1,000 walipoteza kazi. Hili halikuwa banda la Mhoon Landing. Lilikuwa jengo kubwa kuliko yote, miaka 18 tu tangu lifunguliwe. Mwaka 2019 zikafungwa mbili nyingine, Tunica Roadhouse mwezi Januari na Resorts mwezi Juni. Kati ya matukio hayo, Novemba 2018, wapiga kura wa Arkansas walibadilisha katiba yao na kuruhusu kasino kamili. Southland ikaacha visingizio vya ustadi, ikaweka meza za karata na dadu, ikajenga ukumbi mpya na hoteli kwa dola zaidi ya milioni 300, na mwishoni mwa 2022 ikazikomesha hata mbio za mbwa zilizokuwa zimeizaa.

Tunica haikufa, na nisingependa msomaji aondoke na picha ya mji wa mizimu. Kasino ya Gold Strike iliuzwa mwaka 2023 kwa kampuni ya taifa la Cherokee, jamii ya wenyeji asilia wa Marekani, kwa dola milioni 450. Hakuna anayetoa kiasi hicho kwa maiti. Horseshoe nayo iliendelea kuvuta watu. Lakini soko lililobaki ni la kasino chache zenye nguvu, na kodi inayoingia kaunti ni kivuli cha ile ya zamani, wakati uwanja wa ndege, ukumbi na bwawa la kuogelea vinadai umeme, walinzi na matengenezo kwa kiwango kilekile.

Kilichowezekana

Nikiulizwa kosa ni lipi, jibu langu ni kwamba kaunti iliihesabu kodi ya kamari kama mshahara, wakati ilikuwa mali ya urithi inayoisha. Jimbo la Alaska lilikuwa tayari na mfano. Mwaka 1976, mafuta yalipoanza kuleta fedha, walirekebisha katiba yao ili sehemu isiyopungua robo ya mrabaha wa madini iingie katika mfuko wa kudumu ambao mtaji wake hauguswi. Waliamini kwamba visima vitakauka. Tunica walikuwa na kisima kilichokauka mbele yao, kinaitwa Mhoon Landing, tena walikiona kikikauka kabla hata zege la Grand Casino halijashika.

Tufanye hesabu ndogo. Robo ya dola milioni 700 ni milioni 175. Ukizigawa kwa wakazi 10,000, ni dola 17,500 kwa kila kichwa, bila kuhesabu riba ya miaka ishirini. Fedha hizo zingeweza kununua ardhi ya kujenga nyumba za wafanyakazi kabla bei haijaruka, zingelipa walimu wazuri kwa kizazi kizima, na bado ungebaki mtaji wa kuendesha shule leo. Halmashauri ingehitaji kufanya jambo moja gumu kisiasa: kuwaambia wenye ardhi kwamba kodi yao haitashuka, na kuwaambia wapiga kura kwamba ukumbi mpya utasubiri.

Upo upande wa Memphis pia, ambao wachambuzi wengi hawaufikii. Kwa miaka kama 15 Mississippi ilikusanya kodi kutoka mifuko ya watu wa Tennessee. Waliochezea kodi ya nyumba na ada ya mtoto walirudi kugombana na wake zao, waume zao na mabenki upande wa pili wa mpaka, ambako hakukuwa na senti ya kodi ile ya kulipia mshauri au matibabu. Kasino ya mpakani hukusanya hapa na kuacha jeraha kule. Ilipofika zamu ya Southland, Arkansas ilifanya vilevile. Tennessee ilitazama kwa muda mrefu.

Novemba 2020 Tennessee nayo iliingia sokoni, lakini kwa njia yake: iliruhusu kubeti michezo kwa intaneti pekee, bila kujenga hata ukumbi mmoja. Mississippi ilikuwa imeruhusu beti za michezo tangu Agosti 2018, na Gold Strike ya Tunica ilikuwa kati ya kasino za kwanza kuzipokea, ila programu ya simu ya Mississippi ilikubali dau ukiwa ndani ya eneo la kasino tu. Kwa hiyo shabiki wa Memphis anayetaka kuweka dau leo ana njia mbili. Anaweza kuwasha gari, kuipita DeSoto na mashamba yake, na kusimama dirishani Tunica. Au anaweza kubaki alipo, kwenye kochi, akafungua simu.

Kule Robinsonville, barabara ya njia nne iliyopanuliwa kwa ajili yake bado ni nzuri. Siku hizi magari yamepungua, na msimu wa mavuno matrekta ya pamba yanaitumia bila kubanwa.